Wajane wa Yafa na Daftari la Mama Mboga

Andiko la juma: Matendo 9:36-42, 2 Nyakati 21:16-20



Mwezi huu tumezika watu watatu hapa Molo. Fundi wa viatu aliyekaa miaka mingi kando ya steji. Kijana wetu wa bodaboda, yule aliyebeba wazee kuja ibadani kila Jumapili na kukataa nauli. Na mama mboga wa kibanda cha kona, dada yetu wa idara ya kina mama.

Mara tatu nimesimama kwa matope na baridi nikisoma wasifu wa marehemu, na mara tatu wasifu ni ule ule: alizaliwa, alisoma, alioa au aliolewa, akajaliwa watoto, akalala. Wa mama mboga ulikuwa mistari 9. Nilimaliza kuusoma kabla kijana wa mitambo hajamaliza kurekebisha maiki. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, nikafungua Biblia, nikakutana na vifo viwili.

Kifo cha kwanza ni cha mfalme. Yehoramu alianza kutawala Yuda akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8. Piga hesabu mwenyewe. Alikuwa na kila kitu cha kujaza programu ya mazishi: baba mfalme, jumba, jeshi. Lakini alianza utawala wake kwa kuwaua ndugu zake. Alipokufa, watu hawakumwashia moto wa heshima kama walivyowafanyia baba zake. Hawakumweka kwenye makaburi ya wafalme. Na Biblia inatuambia wazi kwamba aliondoka bila mtu wa kumsikitikia. Mimi mwenyewe niko kwenye miaka ya thelathini, na mstari huo hunitisha.

Kifo cha pili ni cha Tabitha wa Yafa, ambaye pia aliitwa Dorkasi. Luka hatuambii alizaliwa lini, baba yake ni nani, wala kama alikuwa na watoto. Petro alipopanda orofani, hakuna aliyemsomea wasifu. Wajane walisimama pale wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabitha aliwashonea alipokuwa hai. Yaani kila mjane alikuja na ushahidi wake mkononi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa nitajisema mimi mwenyewe.

Wiki moja baada ya mazishi, binti ya mama mboga alikuja ofisini na daftari. "Pasta, nimelipata chini ya meza ya kibanda. Sijui nifanye nalo nini." Lilikuwa daftari la madeni. Wengi wenu mnalijua, si ndiyo? Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nilichukua kalamu nikaanza kujumlisha. Sukuma ya 20. Nyanya za 30. Vitunguu. Majina mengine yamepigwa mstari, na pembeni ameandika "amelipa". Mengine yamepigwa mstari, na pembeni ameandika "amefiwa", "mtoto hospitali", "hana kazi". Chuoni tulifundishwa kwamba deni lisilolipika unalifuta kwenye vitabu. Yeye alilifuta, kisha akaandika sababu ya kumhurumia mtu.

Nikageuza ukurasa nikakuta: "Pasta msaidizi. Mayai 6, viazi, sukuma. 260." Halikuwa na mstari.

Nilinyamaza. Nilikumbuka mwezi wangu wa kwanza hapa, kabla sijapata posho yoyote. Nilichukua vitu nikasema nitarudi kesho. Kesho ikapita, nikasahau kabisa. Lakini lililoniuma zaidi ni lingine. Mwaka jana, kwenye semina ya biashara ya kina mama, nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia, "Mama, ukiendelea kukopesha hivi utafunga kibanda. Hiyo si biashara." Watu wakacheka. Yeye akatabasamu, akasema, "Asante pasta, nimesikia." Neno moja tu lingetosha kuniaibisha siku ile. Hakulisema. Alinikopesha mayai, kisha akanikopesha na heshima.

Sisemi hesabu haina maana. Bado nitaifundisha. Na mama huyu hakuacha akiba. Mnajua bili ya mochari tuliichanga sisi. Lakini kumbukeni zile jioni za matanga. Msukuma mkokoteni alisema alipougua alikula kutoka kibanda kile wiki nzima. Bibi mmoja alisema alikuwa akipelekewa mboga mlangoni mvua ikinyesha. Wale walikuwa wajane wa Yafa, wameshika nguo zao. Hakuna hata moja ya habari hizo iliyoingia kwenye wasifu, kwa sababu sisi viongozi tuliuliza tarehe tu. Hatukuuliza majirani.

Mtu atasema, "Pasta, Petro aliomba na Tabitha akafufuka. Sisi pia tulifunga na kuomba." Ni kweli, na machozi yenu Mungu ameyaona. Lakini hata Tabitha alikufa tena baadaye. Tumaini lake la mwisho ni lile lile letu, ambalo Paulo aliwaandikia Wathesalonike: waliolala katika Kristo watafufuka. Paulo hakuwakataza kulia. Aliwakataza kulia kama watu wasio na tumaini.

Kwa hivyo wiki hii tufanye mambo mawili. Kwanza, kuna mtu amekushonea nguo na bado yuko hai. Mwendee umwambie. Usingoje maiki ya mazishini. Pili, kama jina lako liko kwenye daftari la marehemu yeyote kati ya hawa watatu, nenda ukalipe. Fundi ameacha mjane. Binti ya mama mboga yuko kidato cha tatu, na karo haingoji.

Mimi nimeanza. Nilimpa shilingi 300. Nikamwambia abaki na chenji, akakataa. "Pasta, mama aliandika 260." Akanirudishia 40, akachukua kalamu, akapiga mstari.

Tuombe: Baba, tusamehe tulipowapima watu kwa mali tukasahau matendo yao. Wafariji wafiwa wetu. Tupe mikono inayoshona tungali hai, na utupe uaminifu wa kulipa tunachodaiwa. Katika jina la Yesu, amina.