Mshahara wa Haki

Je, mtu akiisha kuukubali mshahara mdogo kwa kinywa chake mwenyewe, bwana wake ametimiza haki? Wengi hujibu: "Ndiyo, kwa maana walipatana." Jibu hilo yafaa lipimwe, hasa katika Kapata, kando ya Kolwezi, ambako jamaa nyingi zimelelewa kwa kazi ya shaba.

Mfano: baba wa watoto watano aamka, wala hamna unga nyumbani. Aenda kuomba kazi ya kubeba magunia. Tajiri amwambia: "Faranga 5,000 kwa siku. Hutaki, wengine wanangoja mlangoni." Baba akubali. Lakini aliyekubali hasa ni njaa yake. Mwenye nyumba inayowaka moto huiuza kwa bei yo yote; je, aliyeinunua atajisifu kwamba walipatana?

Papa Leo XIII alifundisha hivyo mwaka 1891: mshahara usipungue kiasi cha kumlisha mfanyakazi mwaminifu aishiye kwa kiasi, na anayekubali kidogo kwa kuogopa shida kubwa zaidi amedhulumiwa, ijapokuwa alikubali.

Kwa sababu hiyo serikali huweka mshahara wa chini, ambao bwana hana ruhusa kushuka chini yake. Katika Kongo, mwaka 2018, uliwekwa kuwa faranga 7,075 kwa siku. Wakati ule dola 1 ilikuwa karibu faranga 1,600. Mwanzoni mwa 2025 ilikwisha kupita 2,800. Hesabu ya faranga haikubadilika, bali nguvu yake ya kununua unga utokao Zambia ilipungua. Basi, mwaka 2025 serikali iliupandisha hadi 14,500, ikaamuru ufike 21,500 tangu Januari 2026.

Sheria ya namna hii si jambo dogo. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi, na wengi wakafa. Sheria njema humpa maskini haki yake pasipo kumdai damu.

Wako wanaosema: "Mshahara ukipanda, mabwana watawafukuza watu." Neno hilo si la kudharauliwa. Mwenye duka dogo aweza kushindwa kweli; ndiyo maana ni busara kupandisha kwa hatua, ili kila mtu ajitayarishe. Lakini mwenye faida kubwa asijifiche nyuma ya mwenye duka dogo. Akisema hawezi kulipa, na aonyeshe kwanza hesabu zake.

Tena sheria haimfikii kila mtu. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika Gécamines. Wengi wanaoishi kwa kuchimba kwa mikono hawana mshahara wala mkataba: huuza mawe kwa uzito, na mizani ni ya mnunuzi. Kwao haki yaanza na mizani ya kweli. Mizani ya uongo ni mshahara ulioibiwa.

Na mkatekumeni asidhani kwamba maneno haya yawahusu matajiri tu. Yeye aliyemwajiri kijana kulima shamba lake, au msichana kumlelea mtoto, ni bwana naye. Akimlipa kwa chakula kilichobaki, au akimwambia kila mwezi, "Ngoja kidogo," hana tofauti na yule tajiri wa magunia. Kanisa lahesabu kumnyima mfanyakazi mshahara wake kati ya dhambi zinazolilia mbinguni.

Basi, kabla ya kuuliza, "Tumepatana bei gani?" yampasa kila anayeajiri aulize kwanza: "Huyu akirudi kwake jioni, watu wake watakula?"