MWANAO YUKO VITANI, NAWE VITA HUVIPENDI?



Karatasi hii umepewa bure. Usiifungie njugu kabla hujaisoma. Ninamwandikia mtu mmoja aliye katika mkutano huu. Wewe una mtoto, au mume, au ndugu aliyevaa magwanda ya jeshi. Usiku ukilala unawaza Somalia. Na ndani ya moyo wako kuna neno ambalo hujamwambia mtu, kwamba vita hivi huvikubali. Unaogopa kulisema wasije wakasema humpendi mwanao. Ama ulilisema, mwanao akakasirika, na sasa hata simu hapigi.

Mimi nakujua, kwa sababu jambo hili limepita katika nyumba yetu.

Sisi ni watu wa Bungoma. Mdogo wangu alichukuliwa jeshini mwaka 2012. Walimkimbiza uwanjani pamoja na vijana wengi, wakamwangalia meno kama ng'ombe wa mnada, akapita. Mama alichinja jogoo. Wakati huo majeshi yetu yalikuwa yameshavuka mpaka. Yalivuka Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara kule Lamu na kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na kazi hiyo ikaitwa Linda Nchi. Mwaka 2012 yakawekwa chini ya Umoja wa Afrika. Kismayu ilipochukuliwa mwaka huo huo, watu walishangilia sana hata sokoni.

Mimi sikushangilia. Niliona tumevuka kwenda kuzima moto, na cheche zinatufuata nyumbani. Septemba 2013 ikawa Westgate, watu 67. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi, na wengine walikutwa katika maombi ya alfajiri. Wale wauaji walisema ni kisasi kwa sababu ya majeshi yetu. Najua wako watumishi wa Mungu ninaowaheshimu ambao wanasema damu hiyo hiyo ndiyo sababu ya kupigana. Sibishani nao hapa. Nasema nilivyoona mimi, na mpaka leo naona hivyo.

Lakini sikia nilivyofanya.

Mwaka 2015 mdogo wangu aliambiwa ajiandae kwenda. Akaja nyumbani kuaga. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya Biblia ya miezi tisa, moto kabisa, andiko liko mdomoni kama mate. Tukiwa mezani, mama anapakua ugali, nikamwambia kazi yake ni kazi ya Kaini. Ndugu msomaji, nilisema hivyo mbele ya mama! Yeye alinyamaza muda. Halafu akaniuliza taratibu, "Kaka, karo ya hiyo kozi yako nililipa na pesa gani?"

Sikuwa na jibu. Hata bati zilizokuwa juu ya kichwa changu zilitoka kwenye mshahara ule. Akaondoka asubuhi kabla sijaamka. Mama alikuwa amemkaangia njugu na simsim akaweka kwenye mkebe wa majani chai, akamsindikiza nao hadi barabarani.

Krismasi akapiga simu. Mama akaongea, akacheka, akaniletea ile simu. Nikasema, "Mwambie niko na wageni." Hakukuwa na mgeni yeyote. Mama alinitazama tu.

Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde ilivamiwa. Wewe uliyekuwa na mtu kule unajua siku zile zilivyokuwa. Redio inasema hivi, watu kwenye simu wanasema vile, picha za kutisha zinatembea, na serikali haitoi idadi kamili ya waliokufa. Tulipiga namba yake, tukaambiwa haipatikani. Tukapiga tena. Siku nne mama hakuvua leso aliyojifunga Ijumaa ile. Alikaa karibu na redio, na mimi niliyekuwa na maandiko mengi sikuweza kumpa hata moja. Nililokuwa nalisikia kichwani ni ile sentensi yangu ya wageni.

Siku ya tano simu ikalia. Alikuwa kambi nyingine, mtandao ulikuwa hakuna. Mama alipiga ukelele mpaka majirani wakaja mbio wakifikiri ni msiba. Nikapewa simu. Unajua nilisema nini? Nikasema, "Umekula?" Basi. Hilo tu ndilo lililotoka.

Nyumba nyingine zilipokea jeneza. Siwezi kusema Mungu alitupenda sisi zaidi ya hao. Asije mtu akakudanganya hivyo.

YESE NA MIKAYA

Baada ya hapo nikarudi kwenye Neno, si kutafuta la kuhubiri, bali kutafuta mahali pa kusimama. Nikakuta watu wawili.

Wa kwanza ni mzee Yese wa Bethlehemu (1 Samweli 17). Yese ni mzee sana. Wanawe watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, wamemfuata Sauli vitani. Siku arobaini yule Mfilisti anatoka asubuhi na jioni kutukana, na vita havisongi mbele. Biblia haituambii Yese alifikiri nini juu ya vita vya Sauli. Inatuambia alifanya nini. Alimwita Daudi, akampa efa ya bisi na mikate kumi awapelekee ndugu zake mbio kambini. Akamwambia akawaone wako hali gani, na arudi na alama kwamba wazima. Yese anataka kujua kama watoto wanakula na kama wanapumua. Ni mzazi!

Na angalia jambo dogo ambalo wengi wanalipita. Aliongeza jibini kumi kwa ajili ya akida wa elfu. Mzee alikuwa na akili. Alijua maisha ya wanawe yako mikononi mwa yule mkubwa wao. Wewe unapomwombea mwanao, je, unamwombea na huyo anayempa amri? Mwombee asitumie roho za vijana kama mtu anayetumia pesa za kuokota.

Daudi alipofika na mikate, Eliabu alimfanyia nini? Alimkaripia! Akamwambia ana kiburi, amekuja kutazama vita. Mikate ni ya baba, njaa ni ya Eliabu, na bado matusi. Kwa hiyo mwanao akikujibu vibaya kwenye simu, usikate. Mtu aliye bondeni na adui yuko ng'ambo hana ulimi laini. Mpe mkate wake.

Wa pili ni Mikaya mwana wa Imla (1 Wafalme 22). Mfalme Ahabu anataka kwenda Ramoth-Gileadi kupigana. Manabii kama mia nne wanamwambia panda, utashinda. Mia nne! Mikaya peke yake anasema hapana. Anapigwa kofi la shavu, anatiwa gerezani kwa chakula cha mateso. Sasa soma mstari wa 17 polepole. Mikaya aliwaonaje wale askari? Hakuwaona wauaji. Aliwaona kama kondoo waliotawanyika milimani bila mchungaji, na neno la Bwana likawa kwamba kila mtu arudi kwake kwa amani.

Nilipoliona hilo nililia, nakwambia kweli. Yule aliyepinga vita ndiye aliyewahurumia askari. Wale mia nne walioimba ushindi hawakuwahesabu. Basi mtu akikwambia ukisema vita hivi si vizuri umemsaliti mwanao, muulize swali hili: anayemzuia mfalme asipeleke kondoo kwenye makorongo, ni adui wa kondoo?

Tena ona Mikaya alisema na nani. Alisema na AHABU. Hakwenda kwa kijana mmoja mwenye mkuki, akamshika shati na kumwambia wewe ni Kaini. Mimi nilikosea hapo. Neno la mfalme nilimpelekea koplo. Swali la vita lipelekee walioamua vita. Mbunge akija kuomba kura, hapo kwenye mkutano wake simama kwa heshima umuulize, watoto wetu walienda mwaka 2011, wanarudi lini? Kazi ile imeitwa AMISOM, mwaka 2022 ikaitwa ATMIS, mwaka 2025 ikaitwa AUSSOM. Jina linabadilika, mama anayekaa karibu na redio ni yule yule. Uliza. Si dhambi wala si uasi. Mwanao mwenyewe hawezi kuuliza, amekula kiapo. Wewe unaweza.

Na mwanao mpelekee mkate.

Nilikuwa katika ushirika mmoja, mama akaomba tumwombee kijana wake aliye mpakani. Mzee aliyekuwa akiongoza akasema, "Hapa hatuombei upanga." Yule mama akachukua kanga yake akatoka, hajarudi tena. Nami nilikuwepo, nilikaa kimya. Mzee yule alisahau kwamba askari walikwenda kwa Yohana Mbatizaji wakamuuliza, na sisi tufanye nini? (Luka 3:14). Yohana hakuwafukuza mtoni. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, watoshewe na mshahara wao. Hayo ndiyo ninayomwomba Mungu juu ya mdogo wangu hadi leo. Namwomba awe hai, lakini pia mkono wake usimdhulumu mwanamke wa Kisomali aliye na mbuzi wake wawili. Naye huyo ana mama.

Hapa niseme kidogo na wewe unayemchukia kila Msomali kwa sababu ya mwanao. Jirani yako mwenye duka hajakukosea! Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilivamiwa. Wauaji walitaka abiria Waislamu wasimame kando, wabaki Wakristo. Waislamu wale walikataa kutengwa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016, siku chache tu baada ya El Adde. Wiki ile ile mama yangu analia kwa ajili ya mwanawe, nyumba yake nayo inalia. Sijui utamweka wapi mtu huyo katika chuki yako.

AKIRUDI

Mdogo wangu alirudi. Hakurudi yule aliyeondoka. Alikaa kila mahali mgongo ukiwa ukutani. Usiku hakulala kitandani, alitoka akakaa barazani kwenye kiti hadi jogoo awike. Mimi, kwa roho zangu nyingi, nikataka kukemea pepo. Mama akanizuia. Halafu nikakumbuka Uria (2 Samweli 11). Uria alirudi kutoka vitani, akapewa ruhusa aende kwake, akalala mlangoni pa mfalme. Alisema wenzake wanalala mahemani uwandani, yeye atalalaje nyumbani? Mwili ulikuwa umekuja Yerusalemu, na moyo ukabaki kule na wenzake. Kuomba ninaomba sana, na siachi. Lakini pia kuna madaktari wa hali hiyo, kumpeleka si kukosa imani.

Watu watakuja kumwona, na kuna mjinga mmoja atamuuliza, "Uliua wangapi?" Kwetu aliulizwa hivyo na mjomba, chakula kikiwa mezani. Aliinuka akaacha nyama kwenye sahani. Wewe uliye mwenye nyumba, zuia swali hilo mlangoni. Na wewe uliyeokoka, usimuulize hilo kwa jina la ushuhuda.

Mimi nilianza kwenda kukaa naye pale barazani usiku. Sikuhubiri. Usiku wa tatu au wa nne aliniomba nimsamehe, nikashangaa, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa na deni. Nikamwambia habari ya wageni wa Krismasi, kwamba hawakuwepo. Akasema, "Nilijua. Nilisikia sauti yako nyuma ya mama." Tukakaa. Juu ya vita hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anasema kama hawangeenda mambo yangekuwa mabaya zaidi. Mimi nasema nilivyosema. Alirudishwa kule mara ya pili, na safari hiyo nilibeba begi lake hadi stendi, na mkebe wa simsim niliushika mimi.

Mpendwa, kama mwanao yuko kule, leo jioni weka pesa kwenye simu. Ikiwa haipatikani jaribu kesho. Akipokea usianze na siasa wala mahubiri. Mwambie ng'ombe amezaa. Mwambie mvua imenyesha au haijanyesha. Muulize kama amekula. Na kama wewe ndiye uliyemtukana kama mimi, tubu kwake kwanza, halafu tuombe hivi pamoja:

Bwana Yesu, ninamleta mbele zako (taja jina lake kwa sauti). Wewe unaijua kambi anayolala, mimi siijui. Umlinde usiku huu, na umlinde asimwage damu isiyo na hatia. Mkumbuke na akida wake. Uwaguse wenye mamlaka walioanza jambo hili, walimalize. Mkumbuke na mama wa ng'ambo, ambaye naye anamsubiri wake. Nisamehe maneno niliyomwambia siku ile mezani. Umrudishe, Bwana. Na akirudi akiwa amenyamaza, unipe nguvu ya kukaa naye barazani. Amina.