Ukurasa wa Shukrani Uandikwe Kwanza

Wanangu wa kamati ya kitabu cha mahafali, nimesikia mmeshagawana kazi: huyu picha, yule matangazo, hawa wawili wahariri. Ukurasa wa shukrani hajapewa mtu. Mmesema utaandikwa mwishoni. Hapo ndipo ninapotaka tukae tuongee.

Kitabu kinachobanwa kwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne: 60, 64, 68. Karatasi ikikunjwa mara moja inazaa kurasa nne, na mpiga chapa hana namna ya kuwapa 65. Siku ya mwisho mtajikuta mmezidi ukurasa mmoja, fedha ya kuongeza nne hamna, na kitakachokatwa si picha ya kiranja mkuu. Nimelea kamati za namna hii miaka mingi, hukatwa shukrani. Utengeni ukurasa huo leo, kabla hamjapanga picha hata moja.

Kisha jifunzeni kutaja. Kwenye hafla tumezoea kumsikia msemaji akimalizia na "wengine wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja". Jukwaani anasameheka, jua linawaka na watu wanasubiri pilau. Kitabuni hamna udhuru huo. Tena mtu atajwe na alichofanya. "Tunamshukuru karani wa shule" ni salamu tu. Andikeni kwamba aliwafungulia ofisi Jumamosi tatu mfululizo mpate kuchapa, naye atajua mlimwona.

Mimi nina deni. Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia kitabu tulimpiga picha mpishi wetu, mwiko begani, moshi wa kuni nyuma yake. Hapakuwa na picha nzuri kuliko ile. Chini yake tukaandika: Mama Maharage. Ndivyo shule nzima ilivyomwita, naye alikuwa akiitika kwa kicheko. Siku ya mahafali alipokea nakala, akafuta mikono kwenye khanga, akautafuta ukurasa wake, akasoma polepole akifuatisha kwa kidole. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, jina langu mlilikosa?" Lilikuwepo kwenye daftari la mishahara, hatua chache kutoka mezani kwangu.

Tangu hapo, kwangu jina la utani la mtu mzima haliingii kitabuni. Mwendeeni mwenyewe, mwamkieni, mwombeni aliandike kwa mkono wake, na sampuli ikitoka kiwandani mrudi nayo aione. Mwanaidi si Mwanaisha.

Baina yenu, utani ruksa, ila anayetaniwa ausome kwanza. Mwenzenu aliyeondoka kidato cha tatu kwa kukosa ada mwekeni pamoja nanyi. Habari ya ada isiandikwe. Na picha za walio chini ya miaka 18 ziombeeni ridhaa ya wazazi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo, na sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ningewataka muombe hata kama sheria isingekuwepo.

Mfadhili aliyelipia uchapaji sentensi mbili zinamtosha. Msimpachike vyeo asivyo navyo.

Zikija nakala, wote mliowataja wapelekeeni wenyewe, mkabidhi kwa mikono miwili. Msimtume mtoto wa kidato cha kwanza. Mlinzi anayewafungulia geti kila mnaporudi usiku kutoka kwa mpiga chapa huingia zamu saa kumi na mbili jioni. Mfikieni kabla giza halijaingia, apate kulisoma jina lake.