Amri ya Saba na Mshahara wa Fundi

Mwenyezi Mungu ameweka amri ya saba ili kulinda mali ya kila mtu. Wakatekumeni huijua amri hiyo kwa moyo. Mwalimu akiwauliza mwizi ni nani, hujibu upesi kwamba ni yule avunjaye mlango usiku, au amfunguaye mbuzi wa jirani, au achimbaye mihogo katika shamba lisilo lake. Jibu hilo ni kweli, lakini halijatimia. Kuna mwizi mwingine asiyevunja mlango. Yeye huiba mchana mbele ya watu, tena amevaa nguo safi, na pengine hukaa kiti cha mbele kanisani. Huyo ndiye tajiri amzuiliaye mfanyakazi mshahara wake, au ampaye nusu ya haki yake na kusema: "Umekwisha kulipwa."

Fundisho hili lawahusu hasa wafanyakazi ambao watu husahau kuwatetea, yaani wanawake na wasichana wa saluni za mjini: wasusi wa nywele na mafundi wa urembo. Vijiji vingi vimewatuma binti zao Lubumbashi, Kalemie, Bukavu au Goma kuitafuta kazi hiyo. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa mjini peke yao.

KAZI YAO NI KAZI YA KWELI

Wako watu wasemao: "Kusuka nywele si kazi. Kila msichana amejifunza kwa mama yake, chini ya mwembe." Wasemao hivyo hawajatazama vema. Fundi wa saluni husimama tangu asubuhi hata jioni. Dawa za kulainisha nywele zina nguvu kama magadi makali. Zikikaa kichwani kupita kiasi, huchoma ngozi na kung'oa nywele. Fundi aliyefunzwa anajua kupima dakika, anajua ngozi ipi haifai dawa ipi, anajua kwamba wembe au mkasi uliogusa damu ya mtu mmoja waweza kumpa mwingine ugonjwa wa ini au ukimwi usiposafishwa kwa dawa. Maarifa hayo hayakuja bure. Amekaa shuleni au kwa fundi mkubwa, na wazazi wake wameuza mahindi na kuku ili kulipa mafunzo.

Tena Kanisa takatifu halikuidharau kazi hiyo. Mtakatifu Martin de Porres wa mji wa Lima, katika nchi ya Peru, mwana wa mama mweusi aliyekuwa zamani mtumwa, alifundishwa ukinyozi ujanani mwake pamoja na kuganga vidonda. Alikufa mwaka 1639, na Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Vinyozi na watengeneza nywele humwomba kama msimamizi wao.

Mwingine ni Pierre Toussaint. Alizaliwa mtumwa katika kisiwa cha Haiti. Mwaka 1787 bwana wake alimpeleka New York, huko Marekani, akamweka kwa fundi ajifunze kutengeneza nywele za wanawake. Akawa fundi mwenye sifa katika mji wote, naye aliachiwa sehemu ya malipo yake. Bwana wake alipokufa na mali kupotea, Toussaint alimtunza bibi mjane kwa kazi ya mikono yake. Akapewa uhuru mwaka 1807. Kwa fedha za ufundi wake alimkomboa dada yake, akamkomboa na Juliette aliyekuwa mke wake, akalea yatima nyumbani mwake. Alikufa mwaka 1853, na mwaka 1996 Kanisa lilitangaza kwamba aliishi fadhila za Kikristu kwa ushujaa.

Kila mkatekumeni afikiri neno hili. Kama fedha yote ya mikono ya Toussaint ingalichukuliwa na wengine, ni watu wangapi wangalibaki utumwani, na ni yatima wangapi wangalilala na njaa? Mshahara si chakula cha tumbo moja tu. Katika mshahara wa fundi mmoja mna karo ya mdogo wake, dawa ya mama yake, na sadaka ambayo Mungu anataka kuipokea kutoka mkononi mwake. Anayeuzuia huwaibia wote hao pamoja.

LABANI NA YAKOBO

Katika Kitabu cha Mwanzo imeandikwa habari za Yakobo na Labani mjomba wake. Yakobo alikuwa mchungaji hodari. Alimtumikia Labani miaka 20, akivumilia jua la mchana na baridi ya usiku, na kundi likaongezeka sana mikononi mwake. Labani mwenyewe alikiri kwamba Mungu amembariki kwa ajili ya Yakobo. Hata hivyo akamdanganya siku ya arusi, akabadili mshahara wake mara 10.

Labani hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa ndugu wa damu, alimkumbatia Yakobo siku ya kufika, akamla pamoja chakula mezani. Ndivyo ilivyo hata leo. Mara nyingi adhulumuye msichana wa saluni si mgeni. Ni shangazi, ni jirani wa kijijini, ni mama wa jumuiya moja. Udugu hugeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mfanyakazi, asiweze kudai. Lakini Mungu aliona taabu ya Yakobo na kazi ya mikono yake, akamkemea Labani katika ndoto.

MFANO WA MWENYE SALUNI

Mama mmoja alikuwa na saluni katika mji, tena alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa mwisho. Alihudhuria mafundisho bila kukosa, na ubatizo wake ulikuwa umewekwa usiku wa Pasaka. Katika saluni yake alikuwamo msichana mwenye cheti cha shule ya ufundi. Kati ya vichwa 10 vilivyotengenezwa humo, 7 vilitoka mikononi mwa msichana huyo. Hata hivyo, miezi 8 tangu kuanza, alipokea sawasawa na mtoto wa kufagia, na mara nyingi alipokea kwa kuchelewa.

Karibu na Kwaresima mama huyo alimpelekea mwalimu bahasha ya fedha kwa ajili ya mabati ya kanisa. Mwalimu, aliyejua mambo ya saluni ile, hakuipokea. Akamwuliza kwa upole: "Mama, yule binti anayesuka kwako, umempa haki yake?"

Mama akajibu: "Mwalimu, yeye mwenyewe alikubali kiasi hicho. Sikumlazimisha."

Mwalimu akasema: "Alikubali kwa kuwa njaa ilisimama nyuma yake. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mapatano ya tajiri na mfanyakazi hayatoshi peke yake. Juu ya mapatano iko haki, nayo yataka mshahara umtoshe mfanyakazi mwenye bidii kuishi kwa adabu. Akikubali kilicho kidogo kwa hofu ya kukosa yote, amefanyiwa jeuri."

Mama akasema: "Namlisha mchana, na wateja humpa zawadi."

Akajibiwa: "Chakula ni wema, na zawadi ya mteja ni mali ya mteja. Mtu halipi deni lake kwa mfuko wa mwingine."

Mama akasema tena: "Bado anajifunza kwangu."

Mwalimu akauliza: "Mwanafunzi hutengeneza vichwa 7 katika 10? Mwanafunzi ana siku yake ya kumaliza. Anayemwita fundi mwanafunzi kila mwaka ni kama Labani abadiliye mshahara."

Mwisho mama akasema kwa uchungu: "Na mimi je? Nalipa pango, nalipa kodi, nanunua makaa, mafuta na dawa. Iko miezi ambayo wateja hawaji."

Hapo mwalimu hakumkemea, kwa maana neno hilo lilikuwa na ukweli. Akamwambia kwamba Papa Pius XI, mwaka 1931, alifundisha kutazama mambo matatu pamoja: mahitaji ya mfanyakazi na jamaa yake, hali ya kazi yenyewe, na faida ya watu wote. Tajiri halazimishwi kulipa hata duka life. Lakini asianze kupunguza katika sahani ya mfanyakazi wakati sahani yake mwenyewe imejaa. "Chukua daftari," akasema, "uandike yaliyoingia na yaliyotoka. Daftari halina upendeleo."

Mama akaandika siku tatu. Akaona kwamba baada ya pango, kodi na vifaa vyote, fedha ilikuwa imebaki kila mwezi, nayo ilikuwa imekwenda katika vitenge, viti vipya na mbuzi aliyewekwa kwa karamu ya ubatizo. Akalia. Akarudi kwa mwalimu na bahasha ileile, akauliza kama Mungu ataipokea sasa. Mwalimu akamwonyesha Kitabu cha Yoshua bin Sira, kinachofundisha kwamba kumtolea Mungu sadaka iliyotwaliwa katika mali ya maskini ni kama kumwua mtoto mbele ya macho ya baba yake. "Fedha hii ina mwenyewe," akasema. "Mabati yatapatikana."

Basi mama akamwita msichana mbele ya mashahidi wawili. Akaongeza mshahara wake tangu mwezi ule, akampa ile bahasha, akauza mbuzi na kumpa fedha yake pia, na deni lililosalia wakaliandika walipane kidogo kidogo. Usiku wa Pasaka akabatizwa. Karamu yake ilikuwa chai na mkate, na yule msichana ndiye aliyeimimina chai.

SHERIA YA NCHI

Serikali nayo imeweka mpaka. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 yataka mshahara ulipwe kwa fedha halali ya nchi, na watu wenye kazi sawa, ufundi sawa na matokeo sawa walipwe sawa, akiwa mwanamume au mwanamke. Sheria hiyo yatenga pia mwanafunzi wa kazi na mfanyakazi. Kiasi cha chini cha mshahara huwekwa kwa amri ya serikali. Mwaka 2018 kibarua asiye na ufundi aliwekewa franka 7.075 kwa siku, na mwaka 2025 kiasi hicho kiliongezwa hata 14.500. Kiasi hubadilika, na wenye kuajiri wajiulize katika ofisi ya kazi. Lakini jambo moja halibadiliki: kiasi hicho ni cha kibarua, na fundi aliyefunzwa huwekwa daraja la juu yake. Amlipaye fundi kama kibarua hajatimiza sheria.

WAJIBU WA MFANYAKAZI

Haki haina upande mmoja. Fundi atakaye mshahara wa haki afanye kazi ya haki. Afike kwa wakati, asichukue mafuta ya saluni kwenda kuuza, asiwavute wateja kwa siri, asiharakishe kichwa cha maskini na kukipamba cha tajiri. Akidhulumiwa, asilipe kisasi kwa wizi, kwa kuwa dhambi ya tajiri haiwi ruhusa kwake. Aseme wazi na kwa adabu; asiposikiwa, awaendee wazee, au padri, au mkaguzi wa kazi. Kudai haki si kukosa heshima.

WATU WA KIJIJI WAJITAZAME

Asiwepo mtu wa kusema: "Mimi sina saluni." Je, vibarua waliopalilia mihogo yake wamelipwa? Aliyemjengea nyumba aliambiwa mara ngapi: "Rudi kesho"? Musa aliwaagiza Waisraeli wampe maskini ujira wake siku ileile kabla ya jua kuchwa, kwa maana roho yake inautegemea. Mtume Yakobo naye aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa wavunaji unalia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Ndiyo sababu Kanisa huihesabu dhambi hiyo kati ya zile zinazolilia mbinguni.

Dhambi hiyo haifutwi kwa majuto ya mdomo. Zakayo alipompokea Yezu nyumbani mwake hakusema tu kwamba amehuzunika. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ndipo Bwana alipotangaza kwamba wokovu umeingia nyumba ile. Na Bwana Yezu mwenyewe alikuwa fundi huko Nazareti. Mikono yake inajua uzito wa kazi, naye atauliza siku ya mwisho.

MAULIZO

Ulizo: Tajiri ampaye fundi mshahara wa kibarua atenda dhambi gani?
Jibu: Avunja amri ya saba, kwa kuwa azuia mali ya mwingine.

Ulizo: Mfanyakazi akikubali mshahara mdogo kwa sababu ya shida, tajiri amekuwa mwenye haki?
Jibu: Hapana. Kukubali kwa shida hakugeuzi dhuluma kuwa haki.

Ulizo: Yatosha kutoa sadaka kanisani badala ya kulipa mshahara?
Jibu: Haitoshi. Deni hulipwa kwanza kwa mwenyewe, kisha sadaka hutolewa.

Ulizo: Asiyeweza kurudisha yote mara moja afanye nini?
Jibu: Aanze mara hiyo kwa kile alicho nacho, apatane na mdai wake mbele ya mashahidi, wala asiache mpaka deni limekwisha.

Nia ya juma hili: kila mkatekumeni akumbuke mtu mmoja aliyemfanyia kazi naye hajamlipa sawasawa. Aende kwake kabla ya Dominika.