Filamu za mashoga: Je, kuonyesha ukweli ni kuhalalisha?

NDUGU zangu Waislamu, hukumu ya liwati katika dini yetu inajulikana, na makala haya hayakusudii kuijadili. Swali langu ni jingine: je, ni uadilifu kumchora mtu kwa uongo kwa kuwa tunachukia anachokifanya?

Tangu 1934 hadi 1961, Hollywood ilibanwa na kanuni zilizokataza mapenzi ya aina hiyo yasionyeshwe. Watengenezaji wakayadokeza kwa mwanamume wa sauti laini na mwendo wa madaha, watu wacheke. Mwaka 2005 ikatoka Brokeback Mountain ya Ang Lee, kisa cha wachunga kondoo wawili wa Wyoming, wanaume wakakamavu, na wote wanaoa.

Wapo wanaosema kuwa picha ya kweli ndiyo hatari zaidi, maana mtazamaji huingiwa na huruma. Hoja hiyo ina uzito, kwani kijana anaweza kuigeuza huruma kuwa hukumu. Lakini filamu hiyo inamwonyesha pia Alma, mke anayeshuhudia kwa macho yake kwamba amehadaiwa, hadi ndoa inavunjika. Kichekesho kisingetuonyesha dhulma hiyo. Na Qur'an, katika Surat Yusuf, inasimulia matamanio ya mke wa Mheshimiwa wa Misri bila kuyaficha wala kuyafanyia mzaha. Nani atasema imeyahalalisha?

Kwangu mimi, hatari kubwa iko kwenye kichekesho. Kinafundisha kwamba dhambi ina sauti yake na mwendo wake. Darasani nimeshuhudia kijana wa sauti nyembamba akipachikwa jina hilo, naye hana kosa ila umbile alilopewa na Mola wake. Surat Hujurat inakataza dhihaka, majina mabaya na dhana mbaya. Surat Nur inaweka viboko 80 kwa wanaowasingizia zinaa wanawake waliojihifadhi bila kuleta mashahidi wanne, na wanazuoni wamewajumuisha wanaume pia.

Uchungu wa kuchorwa vibaya tunaujua. Jack Shaheen, katika kitabu chake cha 2001, alichambua filamu zaidi ya 900, akakuta nyingi mno zinamwonyesha Mwarabu kama gaidi, mshenzi au tajiri mpumbavu. Tukililaumu hilo huku tukicheka lile, tutakuwa tunapima kwa mizani mbili, ilhali Surat Maida, aya ya 8, inatuonya kuwa chuki isitutoe katika uadilifu.

Haramu itabaki haramu bila kuhitaji uongo wetu. Wazazi na walimu, tuwafundishe vijana hukumu ya Allah (s.w.), na tuwakataze kumtuhumu mtu kwa sauti yake.

Wallahu a'lam.