Sura Bila Jina

Katika karne ya 19 ilienea Ulaya desturi ya kuchapa na kuuza picha za watu wa kawaida: muuza maziwa, mvuvi, mama na mtoto wake. Pwani yetu nayo haikusahauliwa. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka huku kwa merikebu Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, alitoa Paris kitabu chenye picha nyingi zilizochapwa kwa jiwe. Zapendeza, wala hatumlaumu mtu kwa kuzipenda.

Lakini twauliza: je, ni haki kumchukulia mtu sura yake na kuliacha jina lake? Chini ya picha za namna hii mara nyingi paliandikwa kabila au kazi tu. Mwanamume asimama na silaha. Mwanamke ainamia kinu. Mtazamaji wa mbali akata shauri papo hapo: huyu bwana, yule mtumwa wake.

Tutazame Horohoro. Mstari wa mpaka unaopita huko waliupatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukawagawa Wadigo pande mbili. Kwa mila yao ya kale, ukoo hufuatwa kwa mama, na mrithi wa mtu ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mila hiyo imeshindana sana na sheria ya Kiislamu, na wengi wamekwisha kufuata njia ya baba. Hatusemi kwamba ilimfanya mwanamke mtawala; mara nyingi mjomba ndiye aliyeamua. Hata hivyo, mjomba huyo alikuwa na amri kwa sababu ya dada yake. Mchoraji angeuchora barabara mtungi ulio kichwani mwa dada. Urithi upitao kwake angeuchoraje?

Mwaka ule ule wa 1886 Salme binti Said, mzaliwa wa Unguja aliyeitwa Emily Ruete huko Ujerumani, alitoa kumbukumbu zake. Alilalamika kwamba wasafiri waliokaa majuma machache tu walijifanya wajuzi wa hali ya wanawake wa Mashariki.

Siku hizi kila msafiri ana simu yenye kamera. Mama avukaye Horohoro na mzigo wake aweza kupigwa picha asijue, ikapelekwa mbali na maneno "mwanamke wa pwani". Mpigaji angeweza kwanza kumwamkia, kumwuliza jina lake, na kama yu radhi. Wakati wa kungoja forodhani watosha kwa maneno hayo.