Gari Lake, Hasira Zetu

Ukinunua kitu kwa pesa zako halali, je, una ruhusa ya kukifanya utakavyo? Wengi wetu tutajibu ndiyo hata kabla swali halijaisha. Chako ni chako, nani atakuuliza? Sasa mchukue mpenzi wa magari aliyejibu hivyo, umwonyeshe Ferrari F40 iliyopigwa rangi nyeusi, halafu usimame kando usikilize.

Waliokuwa wakifuatilia Fast N' Loud kwenye Discovery wanajua nazungumzia nini. Kipindi hicho kilianza mwaka 2012, kikiwafuata mafundi wa Gas Monkey Garage huko Dallas, Texas. Richard Rawlings alikuwa mtu wa kutafuta magari na kupatana bei, na Aaron Kaufman, yule wa ndevu ndefu, alikuwa mtu wa spana. Kazi yao ilikuwa kununua magari yaliyochoka, kuyafufua na kuyauza kwa faida. Wakati mmoja walinunua F40 iliyokuwa imegongwa. Waliitengeneza, lakini hawakuirudisha ilivyotoka kiwandani. Walibadilisha springi, wakabadilisha rimu na ekzosi, na mwishowe bodi yote ikawa nyeusi.

Manze, moto uliwaka. Kuna waliofurahi kuona gari lililokuwa limevunjika likinguruma tena. Lakini wapenzi wengi wa Ferrari waliichukulia kama kufuru, kana kwamba mtu ameingia msikitini na viatu. Watu ambao hawajawahi kuigusa F40, na ambao hawataigusa hadi waingie kaburini, walikasirika kama walioibiwa.

Nimeifikiria hasira hiyo kwa muda mrefu. Rahisi ni kuicheka. Mimi naona ina jambo la kutufundisha, hata kama haikuwa sahihi yote.

Kwanza tuelewe ni gari gani hili. F40 ilizinduliwa mwaka 1987 kuadhimisha miaka 40 ya magari ya Ferrari. Ndiyo ya mwisho kuzinduliwa Enzo Ferrari mwenyewe akiwa hai. Alifariki mwaka uliofuata, Agosti 1988. Zilitengenezwa zaidi ya 1,300 tu hadi 1992, na karibu zote zilitoka kiwandani zikiwa nyekundu. Ndani hakuna zulia wala redio. Mlango unaufungua kwa kuvuta kamba, kama gunia. Rangi yenyewe ilipakwa nyembamba sana ili kupunguza uzito, kiasi kwamba ukiinama karibu unaona ule msuko wa nyuzi za kaboni chini yake. Kila kitu kilichokuwemo kilikuwa na sababu, na kisicho na sababu kiliondolewa. Kwa hiyo mtu akikwambia wekundu wa F40 si rangi tu, usimwone chizi. Kwake, ule wekundu ni sehemu ya neno lililosemwa na mzee kabla hajafa.

Sasa turudi kwenye swali. Je, anayenunua kazi ya mikono ya mtu mwingine ananunua pia haki ya kuibadilisha?

Wanasheria walishalitazama hilo, ingawa si kwa magari. Kule Toronto, ndani ya jengo la maduka la Eaton Centre, kuna sanamu za bata bukini 60 wa msanii Michael Snow, wananing'inia hewani kama wanaoruka. Krismasi moja wenye jengo waliwafunga bukini hao riboni nyekundu shingoni. Snow akaenda kortini. Wenye jengo walikuwa wamenunua sanamu hizo na kuzilipia, lakini mwaka 1982 korti iliamua riboni zitoke, kwa sababu zilikuwa zinaharibu kazi na heshima ya aliyeitengeneza. Wazo hilo limo katika Mkataba wa Berne tangu ulipofanyiwa marekebisho mwaka 1928, na sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inalo pia. Maana yake ni kwamba hata sheria, ambayo kwa kawaida humpendelea mwenye risiti, inakubali kuwa kitu kinaweza kuwa mali yako na bado usiwe na kauli ya mwisho juu yake.

Basi wenye hasira wameshinda? Polepole.

Snow alikuwa hai, na alisimama mwenyewe akasema, "Hiyo kazi yangu mnaiharibu." Katika kesi ya F40, waliosimama walikuwa watu wengine, wakijipa kazi ya kumsemea marehemu. Na huyo marehemu hakuwa mtu wa kuhifadhi vitu kwenye kabati. F40 zenyewe zilibadilishwa mapema sana: mafundi wa Michelotto, huko huko Italia, waliunda F40 LM za mashindano, zikiwa na bodi na injini tofauti na zile za barabarani. Hakuna aliyelia. Inaonekana kubadilisha kwenyewe si dhambi, na tatizo liko kwa nani anabadilisha na kwa sababu gani.

Hapo ndipo hasira hii inaanza kuninukia. Tazama kampuni ya Singer kule California. Ilianzishwa 2009 na Rob Dickinson, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Catherine Wheel. Wanachukua Porsche 911 ya kizazi cha 964, wanaivua hadi inabaki uchi, kisha wanaijenga upya wanavyotaka wao: bodi ya kaboni, injini mpya, ndani ngozi iliyosukwa. Wengi wa wale wale wanaotetea asili huitazama kwa mate mdomoni. Ni kweli 964 ziko nyingi kuliko F40, na hilo lina uzito. Lakini kuna kingine kisichosemwa. Singer wanazungumza lugha ya matajiri, taratibu, kwa sauti ya chini. Gas Monkey walikuwa watu wa fulana na kelele, wa Texas, wenye kamera nyuma yao. Ukisikiliza vizuri utasikia kwamba baadhi ya waliokasirika hawakuwa wakisema "gari limeharibiwa". Walikuwa wakisema, "Nyinyi ni nani hata muiguse?" Hiyo ni dharau, na dharau haigeuki kuwa upendo wa sanaa kwa kuvishwa rangi nyekundu.

Sisi wa Nairobi tunaijua dharau hiyo, maana tumeiona ikielekezwa kwa nganya. Lakini nganya inatufundisha jambo jingine pia. Hakuna anayechora nganya akidhani mchoro utadumu. Leo ina sura ya mwanamuziki fulani, mwaka kesho imekwanguliwa, imepigwa upya, ina jina lingine. Kuna wanafunzi wanaoliacha basi tupu lipite wakisubiri nganya wanayoipenda, na ikibadilishwa wanalalamika wiki nzima. Halafu wanaipenda mpya. Uzuri hapa haukai kwenye bati, unakaa kwenye mikono ya wachoraji, na mikono hiyo bado ipo. Mchoro mmoja ukifutwa, mwenye kuuchora anaweza kuchora mwingine mkali zaidi.

F40 si hivyo. Waliounda zile 1,300 na kitu hawataunda nyingine. Kila moja inayopotea inapunguza hesabu. Kwa hiyo siwezi kumwambia mpenzi wa Ferrari, "Tulia, sisi huku tunafuta kila mwaka." Huku kufuta ni sehemu ya kazi. Kule kuna kitu kinachoweza kuisha.

Mimi jambo hili lilinifika nyumbani, ndiyo maana siwezi kulizungumzia kama hadithi ya Wazungu na magari yao. Baba yetu alituachia Peugeot 504, saluni, iliyounganishwa hapa hapa Kenya. Wazee wa rika lake hawakuiona 504 kama gari tu. Walikuwa wameiona ikishinda Safari Rally 1975, na ndugu yake, ile kupe ya V6, ikishinda tena 1978. Mama hajawahi kuiita Peugeot. Huiita "gari la baba yenu". Gari hilo lilibaki kijijini na mdogo wangu, anayefuga kuku na kuuza mayai. Mwaka juzi alinipigia simu akaniambia mpango wake: injini itoke, iingie ya Toyota, ipigwe rangi upya, halafu bodi ikatwe nyuma iwe pikapu ya kubebea trei za mayai.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia hilo ni gari la mzee, halikatwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Bro, wewe unalipenda ukiwa Nairobi. Mimi ndiye ninayelisukuma asubuhi."

Sentensi hiyo ilinikaa kuliko hoja yoyote niliyosoma kuhusu mali na sanaa. Kuna upendo unaobeba mzigo na kuna upendo wa kutazama. Wa kutazama si wa uongo. Nilikuwa nampenda baba, na gari lile lilikuwa mahali ambapo upendo huo umebaki. Lakini upendo wa kutazama una tabia ya kutoa amri bila kulipa gharama. Unataka kitu kibaki kama kilivyo, na asubuhi akisukume mtu mwingine.

Tulibishana wiki mbili. Hatimaye tuligawa jambo lenyewe vipande vipande badala ya kuligombania zima. Rangi? Rangi hurudi. Injini? Ile ya zamani ikatolewa nzima, ikapakwa grisi, ikafunikwa na turubali kule stoo, siku yoyote inaweza kurudishwa. Bodi kukatwa? Hiyo hairudi. Ukishapitisha msumeno kwenye paa la saluni, hakuna fundi wa Grogan wala wa Paris atakayekurudishia gari lile lile. Hapo nikasema hapana, na mama akasema hapana. Lakini hapana yetu ilikuwa na bei, kwa sababu mayai bado yalihitaji kubebwa. Kwa hiyo nilichangia nusu ya gharama ya trela dogo la kuvutwa nyuma. Mdogo wangu alichangia ile nusu nyingine, na hadi leo anasema trela linamchelewesha. Ana haki ya kusema hivyo.

Kwa kipimo hicho, naiona vipi ile F40? Ilikuwa imevunjika, wakaifanya itembee. Hilo ni jema. Springi na rimu hufunguliwa kwa spana, na rangi nyeusi, hata ikikuudhi vipi, inaweza kukwanguliwa na wekundu ukarudi. Wangeikata paa, ningekuwa upande wa wenye hasira. Kwa walichofanya, siwezi kuwaita waharibifu.

Lakini na wao hawawezi kujificha nyuma ya "gari ni letu". Fundi anayefanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa hana deni la maelezo kwangu. Anayewasha kamera na kuniita nitazame amenikaribisha barazani, na mgeni aliyekaribishwa ana ruhusa ya kusema chai imezidi sukari. Tena televisheni haichukii hasira. Mtu aliyekasirika huendelea kutazama. Inawezekana kabisa kuchagua rangi kwa sababu itawaudhi watu, na mtu akifanya hivyo kwa kitu ambacho wengine wanakipenda, anakuwa amecheza na huzuni ya watu kwa biashara. Sijui kilichokuwa moyoni mwa watu wa Gas Monkey, na sitawahukumu kwa nisichokijua. Najua tu kwamba swali hilo lingepaswa kuulizwa kabla ya lile la risiti.

Kwa hiyo, ukiona mtu kwenye skrini akibadilisha kitu unachokipenda na damu ikakuchemka, jiulize mambo mawili kabla ya kutukana. Je, kinachofanywa kinaweza kurudishwa? Na je, mimi niko tayari kubeba nini ili kisifanywe? Kama jibu la la kwanza ni ndiyo, huzunika kidogo, kisha uendelee na maisha. Kama ni hapana, piga kelele, ni haki yako, hata kama gari si lako. Lakini jibu la la pili likiwa "hakuna", basi kelele zako zibaki ushauri. Zisiwe amri, na zaidi ya yote zisiwe matusi kwa mtu aliyeshika spana.